Jinsi Daktari Alionavyo Ini la Mnywaji Bila Kupasua Tumbo

Katika likizo ya mwezi wa Juni mama alinituma nimsindikize mjomba wangu hospitali ya wilaya. Mjomba alikuwa na uchovu usiokwisha, na upande wa kulia chini ya mbavu alisikia uzito, kama mtu aliyeshiba na hali hajala. Nyumbani wengine walisema ni malaria, wengine wakataja majirani. Huko hospitali alipakwa tumboni dawa nyororo ya baridi, akapitishiwa kifaa mfano wa mashine ya kunyolea, na katika kioo ikatokea picha ya kijivu ambayo mimi niliiona kama shamba lenye ukungu. Daktari aliitazama kwa dakika chache, akasema, "Mzee, ini lako lina mafuta." Mjomba akacheka, maana hajapata kuwa mnene hata siku moja.

Tangu siku hiyo nimewasumbua sana mwalimu wetu wa Bayolojia na mwalimu wa Fizikia, na vitabu vya maktaba nimevifunua, nipate kujua daktari yule aliona nini. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa ajili ya wenzangu, na kwa wazazi watakaosoma gazeti hili. Mjomba amenipa ruhusa kueleza habari zake, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kijiji chake.

Kwanza yafaa tulijue ini lenyewe. Katika mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limelala upande wa kulia, chini ya mbavu. Viungo vingi hupata damu kwa njia moja, lakini ini hupata kwa njia mbili: ateri iletayo damu kutoka moyoni, na mshipa mkubwa uletao damu kutoka matumboni. Mshipa huu wa pili ndio uletao karibu robo tatu ya damu yote iingiayo katika ini. Maana yake ni kwamba kila tulacho na kila tunywacho, kikiisha kuingia katika damu ya matumbo, hupita katika ini kabla ya kwenda kwingine. Jambo la pili ni kwamba ndani ya nyama ya ini hamna mishipa ya fahamu ya kuleta maumivu. Iliyopo imo katika ngozi nyembamba iliyolifunika. Kwa hiyo ini laweza kuharibika miaka mingi bila mwenyewe kusikia kitu, isipokuwa likivimba na kuivuta ngozi hiyo, ndipo asikie ule uzito aliousema mjomba.

Sasa tuitazame pombe. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya asilimia 5, ina gramu 20 hivi za alkoholi. Ini huweza kuondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa moja. Basi chupa moja ni kazi ya saa mbili au tatu, na mtu aliyekunywa chupa tano jioni, ini lake laweza kuwa lingali kazini kesho yake asubuhi wakati mwenyewe anakwenda shamba. Hayo ni ya bia, ambayo kipimo chake kimeandikwa katika chupa. Mbege ya kwetu, iliyopikwa kwa ndizi na ulezi, haina kibandiko, wala gongo haina. Mnywaji mwenyewe hajui amekunywa gramu ngapi.

Ini likiipokea alkoholi huigeuza kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu kuliko alkoholi yenyewe, kisha huigeuza tena kuwa kitu chepesi ambacho mwili waweza kukichoma. Alkoholi ikiwapo, ini huishughulikia hiyo kwanza na kuacha kando mafuta ambayo kwa kawaida lingeyachoma. Tena hutengeneza mengine mapya. Mafuta hayo hukaa ndani ya chembe za ini, matone kwa matone. Kwa hiyo mtu mwembamba kama mjomba aweza kuwa na ini la mafuta. Kati ya watu wanywao sana kila siku, wengi mno hufika hatua hii, karibu tisa katika kila kumi.

Kama mtu akiendelea, kwa baadhi yao ini huanza kuwaka kwa uvimbe, na kila palipoumia hujengwa kovu. Makovu yakizidi hushikana, yakalikata ini vipande vipande, na ule ulaini wake ukapotea. Hali hiyo ya mwisho huitwa sirosisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1819 na daktari Mfaransa, Laennec, yule yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816. Alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya manjano iliyokoza, kwa kuwa maini ya maiti aliowapasua yalikuwa na rangi hiyo. Ninaomba msomaji aliangalie neno "maiti." Laennec alikuwa hodari sana, lakini ini la mgonjwa aliliona baada ya mazishi kukaribia. Mtu aliye hai alimwona tumbo likijaa maji na macho yakiwa ya manjano, na hapo ni mwisho wa safari.

Je, eksirei haikutosha? Röntgen aliigundua mwaka 1895, na mara moja madaktari wakaweza kuona mifupa. Lakini eksirei hupita katika ini na katika nyama zilizo jirani nalo karibu sawasawa, hivyo picha ya kawaida haitofautishi ini zima na ini la mafuta. Ilibidi kungoja mpaka watu walipojifunza kutumia sauti.

Mashine aliyopimwa mjomba huitwa altrasaundi. Ndani ya kile kifaa cha mkononi mna vipande vya madini maalum ambavyo vikipata umeme hutetemeka, na vikitetemeshwa hutoa umeme. Tabia ya mawe kutoa umeme yakibanwa iligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Sikio la binadamu husikia sauti ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, basi, na likizeeka halifiki hapo. Kifaa cha kupimia tumbo hutoa mitetemo milioni 2 hadi milioni 5 kwa sekunde. Hutoa sauti kidogo, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi, kama mtoto anayepiga kelele mbele ya jabali.

Sauti hiyo huenda ndani ya nyama ya mwili kwa mwendo wa mita 1,540 kwa sekunde. Tuchukue kitu kilicho sentimeta 10 chini ya ngozi. Sauti itakwenda na kurudi, yaani sentimeta 20, na mwangwi utafika baada ya sekunde 0.00013. Mashine hupima muda huo, ikajua umbali. Hupima pia nguvu ya mwangwi, na mwangwi wenye nguvu huuandika kwa nukta nyeupe, hafifu kwa nukta ya kijivu, na pasipo mwangwi, kama katika maji, huacha weusi. Hivyo nukta kwa nukta picha yapatikana. Ile dawa nyororo ya baridi, ambayo mjomba aliilalamikia kuliko yote, kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, maana katika hewa sauti hii haipiti.

Aliyeifanya kazi hii ijulikane kwa madaktari ni Ian Donald wa Glasgow, Uskoti. Mwaka 1955 alichukua vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa akaenda navyo katika kiwanda cha matangi ya mvuke, ambako mafundi walikuwa na mashine ya sauti ya kutafutia nyufa ndani ya chuma. Akaona kwamba kisichoonekana katika chuma na kisichoonekana katika nyama hutafutwa kwa njia moja. Yeye na wenzake wakatangaza picha zao mwaka 1958. Mwalimu wetu wa Fizikia aliifurahia sana habari hii, kwa kuwa daima hutuambia kwamba mlango wa karakana na mlango wa hospitali vimetazamana.

Basi mafuta huonekanaje? Tone moja la mafuta ndani ya chembe ya ini ni dogo mno, sauti haiwezi kulitofautisha. Lakini matone yakiwa mamilioni huitawanya sauti kila upande, na mwangwi mwingi hurudi. Ini hutokea jeupe. Hapa niliuliza swali ambalo huenda msomaji naye analo: mashine ina vifundo vya kuongeza na kupunguza mwanga, sasa daktari ajuaje kwamba weupe si wa vifundo? Jibu lake lilinipendeza kuliko yote niliyojifunza. Figo ya kulia imelala jirani kabisa na ini, nayo haijazwi mafuta namna hiyo. Daktari huvitia vyote viwili katika picha moja na kuvilinganisha. Ini zima hufanana na figo, au hulizidi weupe kidogo tu. Ini la mafuta hung'aa, na figo kando yake huonekana nyeusi. Hata ukigeuza vifundo, vyote viwili vitapanda na kushuka pamoja, lakini tofauti itabaki. Daktari alimwonyesha mjomba mpaka ule, nami nikauona: upande mmoja mweupe, upande wa pili mweusi, kama ukingo wa barabara ya vumbi na majani.

Ishara ya pili ni ule ukungu. Sauti ikiisha kutawanywa na mafuta, kidogo tu hufika chini, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya ini huwa giza. Ni kama taa za gari penye ukungu: karibu weupe mtupu, mbele huoni kitu.

Altrasaundi haina miale ya hatari kama eksirei, hupatikana katika hospitali nyingi, na yaweza kurudiwa mara nyingi. Walakini ina udhaifu wake. Mafuta yakiwa machache, chini ya sehemu moja katika tano hivi za ini, mara nyingi haiyaoni. Tena makovu ya mwanzo huyapita bila kuyatambua. Mtu akiambiwa kwamba picha yake ni njema, asidhani kwamba amepewa cheti cha kuendelea kunywa.

Sirosisi yenyewe ikifika, dalili zake huonekana wazi zaidi. Ukingo wa ini, ambao huwa laini kama ukingo wa sahani, huwa na vinundu. Sehemu ya kulia husinyaa. Damu itokayo matumboni hushindwa kupita katika makovu, ikarundikana nyuma kama maji ya mto uliozibwa, hivyo ule mshipa mkubwa hutanuka na bandama huvimba. Kwa kupima jinsi mwangwi ubadilikavyo ukitoka katika damu iendayo, mashine huweza kuonyesha damu inaelekea wapi, na katika wagonjwa wengine huonekana imegeuka, inakimbia ini. Damu hiyo hutafuta vichochoro, hasa mishipa ya umio, na mishipa hiyo ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Maji ya tumboni nayo huonekana kama weusi uliolizunguka ini. Wenye sirosisi hutakiwa kupimwa kila miezi sita, kwa kuwa saratani ya ini hupenda kuota humo, na ikionekana ingali ndogo yaweza kutibiwa.

Kati ya mafuta na sirosisi pana njia ndefu, na makovu hukua humo kimya kimya. Kuyapima makovu hayo kulitaka kudunga sindano kubwa kati ya mbavu na kutoa kinyama cha ini. Hata leo hufanywa inapobidi. Lakini tangu miaka ya 2000 ipo mashine nyingine, iliyotengenezwa Ufaransa, ambayo hupima ugumu wa ini kwa nje. Hugonga kidogo kati ya mbavu, kama mtu agongavyo nazi au tikiti sokoni. Mgongo huo huleta wimbi la polepole ndani ya ini, na altrasaundi hulifuata wimbi hilo na kupima mwendo wake. Wimbi huenda upesi katika kitu kigumu. Kanuni yake tunaiweza sisi wa Kidato cha Nne: ugumu ni mara tatu ya msongamano ukizidishwa kwa mwendo uliojizidisha wenyewe. Msongamano wa ini tuufanye kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, karibu sawa na maji. Wimbi likienda mita 1.3 kwa sekunde, ugumu ni kilopaskali 5 hivi, na hilo ni ini zima. Likienda mita 2, ugumu ni kilopaskali 12, na hapo daktari huanza kushuku sirosisi. Angalieni jinsi mwendo ulivyoongezeka kidogo na ugumu ukazidi maradufu.

Lakini kipimo hiki nacho hudanganywa. Ini la mtu aliye katikati ya ulevi huwa limevimba, na uvimbe hulifanya gumu hata pasipo kovu. Akiacha pombe, majuma machache baadaye kipimo huweza kushuka chenyewe. Kwa hiyo daktari mwenye busara hupima tena kabla ya kumtia mtu hofu. Chakula nacho hukipandisha. Hivyo mgonjwa hukaa saa tatu bila kula.

Ziko mashine kubwa zaidi katika hospitali kubwa, nami nitazipitia upesi. Siti skani, iliyobuniwa na Mwingereza Hounsfield, ilimpima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Hutumia eksirei kutoka pande zote na kukipa kila kipande cha mwili namba: maji 0, mafuta kama 100 chini ya sifuri, ini zima kati ya 55 na 65. Ini lililoshuka chini ya 40 lina mafuta mengi. Emarai hutumia sumaku yenye nguvu, nayo hutofautisha maji na mafuta kwa jinsi viini vya haidrojeni vinavyoitika, hata yaweza kusema ini lina mafuta asilimia ngapi. Ini zima lina chini ya 5. Hicho ndicho kipimo bora cha mafuta, lakini gharama yake ni kubwa, na kwa mgonjwa wa wilayani figo na ini katika kioo cha kijivu vyatosha kuanzia.

Sasa nifike penye shina la jambo. Hizi mashine zote nilizozitaja, ya maelfu na ya mamilioni, hakuna hata moja iionayo pombe. Huona mafuta, huona ugumu, huona maji. Mafuta ya pombe na mafuta ya ugonjwa wa sukari au unene hufanana katika kioo. Sirosisi ya pombe na sirosisi ya virusi vya homa ya ini aina ya B hufanana pia. Kichocho cha matumbo, ambacho wenzetu wa kando ya Ziwa Victoria wanakijua vizuri, chenyewe huacha alama ya namna yake: makovu hulala kandokando ya mishipa, ikaonekana kama mabomba yaliyopakwa chokaa. Lakini mtu aweza kuwa na kichocho na pombe pamoja.

Siku ile daktari alimwuliza mjomba, "Mzee, pombe unatumia?"

Mjomba akajibu, "Kidogo tu, daktari. Siku za sikukuu."

Mimi nilitazama sakafu. Ni mimi niliyekuwa nikitumwa kila jioni ya likizo kumletea mbege, na kata yake naijua kwa uzito. Lakini kijana asemeje mbele ya mjomba wake? Daktari hakubishana. Alimpima sukari, akampima uzito, akachukua damu ya kupima virusi vya ini. Juma la pili tuliporudi, majibu yote yalikuwa mema. Hakuna sukari, hakuna virusi, na unene haukuwapo. Daktari akaweka kalamu chini, akasema, "Mzee wangu, mashine imeniambia mafuta yapo. Haikuniambia yametoka wapi. Hilo nakuuliza wewe, na usiponiambia kweli nitatibu ugonjwa wa mtu mwingine."

Mjomba akanigeukia akasema, "Nenda nje kaniangalizie gari." Gari letu halikuwa lifike kabla ya saa nane, naye alijua. Nikatoka. Alikaa humo karibu nusu saa. Tulipokuwa njiani akaniambia neno moja tu, "Nimemwambia," kisha akalala mpaka tulipofika.

Aliyoagizwa baadaye alinieleza mwenyewe. Mafuta yasiyo na makovu huanza kuondoka katika majuma machache mtu akiacha kabisa, na ini laweza kurudi kuwa zima. Makovu ni shida zaidi, ingawa hata yenye makovu hufaidika kwa kuacha. Tena daktari alimwonya asiache kwa ghafula bila kuonana naye, kwa sababu mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha mara moja aweza kushikwa na kutetemeka na degedege, hata kufa. Hilo mimi sikulijua, wala nyumbani hatukulijua, na nadhani wako wengi wasiolijua. Alipewa dawa za siku za kwanza, na ndugu wa kukaa naye usiku.

Mama alipokuja siku ya wazazi alisema kwamba mjomba sasa hukaa barazani jioni na birika la chai, na kwamba amekuwa mkali. Atapigwa picha tena mwezi wa Oktoba, figo na ini pamoja kama kwanza. Mchoro wa picha ile ya Juni, kwa kadiri nilivyoikumbuka, nimeubandika katika maabara ya Bayolojia karibu na dirisha. Pembeni yake nimeacha nafasi ya ule wa pili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne